Kaburi Nililolifukia Mwenyewe

Kama umeambiwa leo kwamba una kifua kikuu, na umekaa kwenye benchi la kliniki ukitazama miguu ya watu kwa sababu nyuso zao zinakushinda, haya nayaandika kwa ajili yako. Mimi nami nilikaa kwenye benchi kama hilo. Sasa dawa zangu zimekwisha, na juzi nilipanda mlima kutoka Soni na tenga la viazi mgongoni, nikipumzika mara kwa mara kama watu wote. Sitakueleza jinsi ugonjwa unavyoingia mwilini. Hayo utaelezwa na wanaojua. Nitakueleza jambo ambalo mimi sikuelezwa na mtu: namna ya kuibeba kazi ambayo ukiitazama yote kwa pamoja unatamani kulala chini usiamke.

Kijiji chetu kiko juu ya Soni, mgongoni mwa mlima, mahali ambapo ukungu huingia asubuhi kama mtu wa nyumbani, bila kupiga hodi. Kikohozi kilinianza tulipokuwa tunapanda maharage ya vuli. Kilikuwa kikohozi cha sauti ya chini, kama mtu anayegonga debe tupu, na watu wa ng'ambo ya bonde walinitambua kwacho. Mama mkwe wangu, mwanamke wa ulimi mkali, alikuwa akiwaambia majirani, "Raheli haitwi. Subirini akohoe, mtajua yuko shamba gani." Matani yake nilikuwa nimeyazoea kama chumvi kwenye makande.

Siku moja tulikuwa kwenye shamba la ujamaa, tunapalilia kabichi. Niliinama, nikakohoa, na damu ikaanguka juu ya majani. Balozi wetu wa nyumba kumi aliacha jembe lake likiwa limesimama kwenye udongo. "Dada Raheli," akasema, "nenda kapumzike." Nilipoona kwamba hata mama mkwe hana la kunitania, ndipo nilipoogopa.

Mume wangu, Zakaria, alinipeleka hospitali ya misheni, mbali kupita Lushoto. Tuliketi kwenye benchi tangu ukungu ulipokuwa umelala chini mpaka ulipopanda na kutuachia jua. Kila mlango ulipofunguliwa sote tulinyanyua vichwa, na kila ulipofungwa tuliviinamisha. Hatimaye Sista alinieleza taratibu: sindano kila asubuhi kwa miezi, na baada ya hapo vidonge kila siku kwa mwaka mzima na zaidi, bila kuacha hata nikijiona mzima.

"Mwaka na zaidi?" nikauliza.

"Na zaidi, mama. Anayeacha katikati, ugonjwa humrudia."

Nilikuwa na binti mmoja, Neema, ambaye ndiyo kwanza nilikuwa nimemwachisha ziwa. Nilijaribu kuyaona yale mavuno yote yatakayopita nikiwa nameza dawa, nikahisi kama nimesimama chini ya mlima nimeambiwa niuhamishe kwa kijiko.

Kitanda cha jirani yangu kilikuwa cha Mama Hadija, muuza mboga wa Soni. Mimi Mlutheri, yeye Mwislamu. Yeye aliamka kuswali, mimi nikaamka kusali, na sote tulisubiri sindano ileile. Aliniona nikilia akaniambia, "Mwanangu, acha kuhesabu mwaka. Mwaka hauchomwi kwenye tako. Inayochomwa ni sindano moja."

Nilicheka, na kucheka kukaniletea kikohozi. Lakini lile neno lilibaki.

Sindano zilinisaidia, na pia zilinichukulia kitu. Masikio yangu yalianza kulia kengele, mbali, kama kengele ya kanisa la kijiji kingine. Halafu sakafu ikaanza kuyumba. Kukiwa na mwanga na nikitazama ninapokanyaga, nilitembea vizuri. Ukungu ukiingia na kunificha miguu yangu, mwili ulisahau wapi ni juu na wapi ni chini. Ukiona dalili hizo mwambie Sista mapema, usione haya. Mimi nilimwambia, wakanipunguzia dawa.

Vuli ilipokwisha damu ilikuwa imekoma. Wakanihamishia kwenye kibaraza cha nyuma, upande wa jua, pamoja na Mama Hadija. Siku hiyohiyo wauguzi walitoa godoro langu, wakalisugua kwa dawa na kulianika nje. Jioni Sista alikuja na furushi. "Limekutwa juu ya kitanda chako cha zamani," akasema. "Hakuna aliyemwona mtu." Ndani mlikuwa na viazi. Niliutambua ule udongo mwekundu uliovishika, maana ulikuwa udongo wa shamba letu. Viazi vya kwetu vilikuwa vimefika, na aliyevileta hakuonekana. Mama Hadija alikigeuza kimoja mkononi. "Tuvile," akasema. "Hata vikiwa vya majini, ni viazi."

Kumbe alikuwa Elia, mdogo wa mume wangu. Alifika wodini akakuta chuma kitupu cha kitanda changu, na nje godoro linapigwa na jua. Hakuuliza. Kwetu hatuulizi. Ukimuuliza mtu mlangoni, "Amekufa?" ni sawa na kukialika kifo kiingie. Mtu huona, hunyamaza, na hurudi nyumbani na habari tumboni. Elia aliviacha viazi, akashika njia.

Kesho yake asubuhi kengele ya masikioni mwangu ililia kuliko siku zote. Ililia kwa mapigo ya polepole, pigo, kimya, pigo, kama inavyolia kwa ajili ya maiti. Sista alisema ni sindano, nami namwamini. Lakini baadaye niliambiwa kwamba asubuhi ileile, kule kwetu, mwinjilisti alikuwa anavuta kamba ya kengele kwa jina langu.

Siku iliyofuata nilikuwa kibarazani namenya njegere. Ukungu ulikuwa mzito kwenye miti ya miwati. Nikaona wanaume wanatokea ndani yake mmojammoja, wamebeba machela tupu, na juu yake sanda imekunjwa vizuri. Nilidhani wamemfuata mgonjwa mwingine. Halafu nikauona uso wa Zakaria. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa.

"Zakaria!" nikaita.

Walisimama wote. Baba mkubwa wa Zakaria, mzee wa ukoo, akasema kwa sauti ndogo, "Msimwitikie." Elia akaachia mpini wa machela, akatimua mbio kurudi kwenye miwati.

Mama Hadija aliweka chini ungo wake. "Karibuni, wazee," akasema. "Kama mmefuata maiti, hapa leo hatuna. Tuna njegere."

Zakaria alikuja polepole. Hakunishika mkono wala bega. Alichuchumaa akaushika unyayo wangu, akasikia kama una joto. Kisha akaweka paji lake la uso juu ya mguu wangu akalia, na wale wengine wakageuka kutazama pembeni.

Sasa nikueleze kilichoachwa nyumbani. Kwetu, kwa kuwa njia ni ndefu na maiti hubebwa, kaburi huchimbwa habari ikifika. Langu lilikuwa limechimbwa nyuma ya nyumba, mgombani, na lilikuwa tayari. Na wazee wa kwetu wana neno: kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu. Hukatwa mgomba, ukavikwa sanda, ukazikwa kwa jina la mtu, ili shimo liridhike. Mwinjilisti wetu, Danieli, alikataa. Alisema hawezi kusimama kando ya mgomba na kuuita jina alilobatizwa mtu. Wazee wakasema basi hawatupi udongo, maana anayefukia shimo tupu, shimo humdai yeye. Upande huu ukakataa, na upande ule ukakataa. Shimo likafunikwa kwa matawi ya miwati, likaachwa linanisubiri.

Nilirudi nyumbani masika yalipokuwa yanakwisha. Sindano zilikuwa zimemalizika. Nilikuwa na kopo la vidonge, na ahadi ya kurudi kliniki kila mwezi. Tuliteremka kwenye basi Soni, tukapanda kwa miguu. Njiani watu walinisalimia wakiwa wameshasimama mbali.

Ndugu msomaji, jiandae kwa jambo hili. Ukikaa sana hospitali, nyumba hujifunza kuishi bila wewe. Kwangu ilikuwa zaidi, maana nyumba ilikuwa imenizika. Niliona khanga yangu ya maua mekundu ikija njiani, imevaliwa na wifi yangu. Neema alikuwa mapajani mwa bibi yake. Aliponiona alificha uso. Na mama mkwe, ambaye nywele zake zilizonyolewa kwa msiba zilikuwa bado fupi, alinitazama begani, hakunitazama usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikuwa ameniitikia kwa upole.

Upole ule ndio ulionitisha. Aliniwekea chakula mbele yangu akaondoka. Nilipomwaga maji jikoni hakusema kitu. Nilipounguza maharage, aliyala. Yule mwanamke aliyekuwa akimkemea hata kunguru kwa kuchelewa kuondoka juu ya paa, kwangu alizungumza kama watu wanavyozungumza msibani. Nami nilijua ni kwa nini. Marehemu hagombezwi.

Asubuhi nililiona shimo. Kuku walichakura mgombani kote ila pale. Moshi wa jikoni, badala ya kupanda, ulitambaa chini ya migomba, ukafika kwenye yale matawi, ukazama. Maji ya mvua yaliyobaki chini yalidondoka, yakanyamaza, yakadondoka tena, na mlio wake ulikuwa kama wa mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Asubuhi za ukungu nilitoka kwenda chooni, nikatembea ninakodhani ndiko, na zaidi ya mara moja nilikuta vidole vya miguu yangu vimegusa yale matawi. Sikumbuki kuelekea kule. Miguu ilinipeleka.

Ikaja siku nimeshika kidonge kiganjani, maji yako kwenye kikombe, nikakitazama muda mrefu. Nilijiuliza: anayemeza dawa hii ni nani? Nyumba nzima inajua Raheli yuko mgombani. Kwa nini nihangaike mwaka mzima kuthibitisha wamekosea? Nilikimeza siku ile, lakini nilijua siku inakuja ambayo sitakimeza. Na Sista alikuwa ameshaniambia mwisho wa anayeacha.

Mwinjilisti Danieli alipokuja kusali nasi, nikamwambia, "Mwinjilisti, nifukieni lile shimo. Nitakufa nikilitazama."

"Mimi ningeanza leo, dada," akasema. "Ila nikitupa udongo, na wewe ukaumwa hata mafua, watasema kanisa limekuua."

"Basi waacheni wazike mgomba wao."

"Kwa jina lako? Mgomba haukubatizwa, Raheli." Akajaribu kutabasamu, akashindwa. "Sijui la kufanya. Najua tu la kuomba."

Nikamwendea baba mkubwa. Alikuwa anachonga mpini. Nilipiga magoti, nikamwamkia, nikamweleza.

"Shimo tupu humdai anayelifukia," akasema bila kuinua macho.

"Baba, shimo hili ni la nani?"

Akaendelea kuchonga.

"Mlinichimbia mimi. Kama lina deni, tayari linanidai mimi. Nikilifukia mwenyewe, nitakuwa nimeongeza nini?"

Aligeuza mpini wake upande huu na upande ule. "Hilo," akasema mwisho, "hatujawahi kuliona. Marehemu wetu wote walikuwa wavivu." Hakuruhusu, lakini hakukataza.

Kuamua kulikuwa rahisi. Kesho yake niliposimama mbele ya ile chungu ya udongo nilicheka kwa uchungu. Mvua ilikuwa imeupiga ukashikamana kama tofali, majani yameota juu yake. Wanaume wenye nguvu waliutoa. Mimi ndoo ya maji ilikuwa ikinishinda. Nikasali, na sala yenyewe ilikuwa fupi: "Bwana, nguvu za kaburi zima sina, wala sikuombi. Nipe za kikapu kimoja."

Nikupe nilichojifunza hapo. Watu wengi husubiri nguvu za Mungu ziwajie kama mvua ya masika, ndipo waanze. Mimi sikuhisi chochote. Ila kikapu kilijaa, nikakikokota, nikakimwaga, na nilipokwenda kulala nilikuwa nimemwaga. Kesho yake niliomba tena cha kesho. Sikupewa akiba hata mara moja. Kila asubuhi nilianza sina kitu, na kila asubuhi kilipatikana cha kikapu kimoja, baadaye viwili.

Zakaria alinitazama siku ya kwanza akiwa ameshika kichwa. "Mama amesema nikigusa ule udongo nisimwite mama tena."

"Usiuguse."

"Utaanguka humo. Unayumba."

Akaenda ndani akarudi na kamba ya mkonge. Akanifunga kiunoni, akakaa kwenye kigogo, akashika ncha ya pili. Udongo ulikuwa umekatazwa, kamba haikukatazwa. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi kipupwe chote: mimi nikiinama na kikapu, yeye akilegeza na kukaza. Majirani walipita, wakatuona, wakaongeza mwendo.

Lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua. Jioni niliacha udongo umefika mahali fulani, na asubuhi niliukuta umeshuka. Najua udongo mpya hujishindilia. Hata hivyo, ulikuwa unashuka katikati tu, kama kitanda ambacho mtu amelalia. Na pembeni, kwenye umande, nyasi zilikuwa zimelala, kama kuna aliyeketi.

Asubuhi moja ya baridi kali, ukungu ukiwa umefika mlangoni, nilitoka nikishika ukuta. Nikasikia sauti mgombani. Nilisogea kutoka mgomba mmoja hadi mwingine, nikiushika kila mmoja. Aliyekuwa ameketi kando ya shimo alikuwa mama mkwe, amejifunika kaniki, anazungumza na lile shimo.

"Neema homa imepoa," alikuwa anasema. "Jana amekula vizuri. Zakaria amekonda, wewe ndiye ulijua kumlisha. Nilikutania sana, mwanangu, ulikuwa unanyamaza. Ungenijibu hata siku moja." Akapangusa pua. "Raheli, wanakufukia, na wewe bado hujafika."

Alikuwa analia kwa ajili yangu, kwa maneno ambayo nilikuwa sijawahi kuyasikia kutoka kwake, na hakuwa ananiambia mimi.

"Mama," nikasema. "Nimefika."

Hakugeuka. Mgongo wake ulikakamaa. "Nani?"

"Ni mimi. Raheli."

"Raheli nimemlilia."

"Najua, mama."

"Nimenyoa."

"Najua."

Hondohondo walipita juu yetu, hatukuwaona, tulisikia tu mabawa yao yakikata hewa. Kisha akasema, bado amenipa mgongo, "Kama ni wewe, kohoa."

Nilijaribu. Nilivuta pumzi nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Ilitoka hewa tupu.

"Siwezi, mama. Kimekwisha."

Ndipo akageuka. Alikuja kwenye ukungu mikono mbele, akaweka kiganja kifuani pangu. Hakikumtosha. Akaweka sikio. Nilisimama nikiyumba, nimeshika mgomba kwa mkono mmoja, na kichwa chake chenye nywele fupi kikinichoma kidevuni. Alisikiliza kwa muda mrefu sana, kama mtu aliyesimama nje ya nyumba anayotafuta kujua kama ina watu.

"Mnapita upepo tu humu," akasema.

"Ndiko kupona kwenyewe, mama."

Alinitazama usoni. Alinitazama kwanza paji, kisha macho, kisha mdomo, kama anayekagua bidhaa sokoni. Halafu akalitazama shimo, na uso wake ukabadilika.

"Na huu udongo nani kaumwaga hivi?"

"Mimi, mama."

"Wewe! Umejaza pembeni umeacha katikati! Unafukia au unapanda viazi? Kwenu mlikuwa mnakwenda msibani kula tu?"

Nililia. Nililia kwa sauti mpaka Zakaria akatoka mbio na kamba yake mkononi.

"Na wewe," mama mkwe akamgeukia, "umesimama na kamba kama mchunga mbuzi, mke wako anabeba udongo. Lete majembe. Mawili."

Alijifunga kaniki kiunoni, akashuka mwenyewe ndani ya shimo, akaanza kukanyaga udongo wa katikati kwa miguu yake miwili. Nilipoinua kikapu akanyoosha mkono kunizuia.

"Kidonge umekunywa?"

"Bado, mama."

"Bado! Jua linapanda unasema bado? Unataka ninyoe mara ya pili? Nenda!"

Nikaenda, mbio kwa kadiri nilivyoweza, nikakimeza.